Evaristi na Baruti Iliyofika Baharini

Mpiga baruti anapotoka shimoni anakimbia huku akihesabu. Akifika juu analala kifudifudi nyuma ya lundo la mawe, anawanyamazisha wenzake kwa mkono, anasikiliza. Kama ametega kumi, lazima isikike milio kumi. Ikisikika tisa, hakuna anayeshuka siku hiyo, kwa sababu ya kumi imelala kule chini ikimngoja mwenye haraka. Evaristi aliifanya kazi hiyo miaka sita katika maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, upande wa Bisibo, wilaya ya Biharamulo, na katika miaka hiyo hakuna mchimbaji hata mmoja aliyeumia kwenye shimo alilolipua yeye. Walimwamini. Wengine walikuwa hawashuki mpaka waone Evaristi ameshuka na kupanda, amejipangusa vumbi usoni na kusema, "Haya, kuko salama."

Kwao ni Ntobeye, wilaya ya Ngara. Alikuja Bisibo mwaka 2009, akiwa na miaka ishirini na minne, baada ya mnyauko kumaliza migomba ya baba yake mpaka shamba likabaki mabua yanayonuka. Mkewe, Deodata, alibaki nyumbani na binti yao Priscila, akilima maharage na mihogo. Kila baada ya wiki tatu au nne Evaristi alipanda gari hadi Kasulo na kutoka hapo akadandia pikipiki hadi kwake, mfuko mmoja wa sukari, mmoja wa sabuni. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu alianza kuzunguka uani akigusagusa vitu, na Deodata alijua kwamba mtu ameshakwenda, mwili tu ndio umechelewa.

Kazini mambo yalikuwa hivi. Kila asubuhi tajiri wa duara alimkabidhi baruti za siku hiyo. Mwamba ukiwa laini, mbili au tatu zilibaki. Zilitakiwa zirudi stoo, lakini tajiri alishamwambia tangu mwanzo kwamba zinazobaki ampe Celestini. Celestini alikuwa mtu wa Nyakanazi, muuza vipuri vya mashine na mafuta ya dizeli, mcheshi, mwenye kofia ya manyoya hata wakati wa jua kali. Alisema baruti hizo zinakwenda kwa wachimba visima na wapasua kokoto za barabara. Evaristi alimpa. Naye Celestini hakuwa mchoyo: leo betri za tochi, kesho buti za mpira, na mwaka mmoja akamletea sola ndogo ya kuwashia taa mbili, ambayo Deodata aliipokea kwa mikono yote miwili na kumwombea dua mtu huyo asiyemjua.

Evaristi hakuuliza zaidi. Visima vinachimbwa kila mahali, na barabara zinajengwa.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, Scolastica, wa kwanza katika nyumba yao kumaliza chuo cha ualimu. Serikali ilimpangia shule ya msingi katika kijiji kimoja cha pwani, kaskazini mwa Tanga, mbali kiasi kwamba mama yao alipoonyeshwa kwenye ramani aliweka kidole Ntobeye na kidole kingine kule, akatikisa kichwa. Mtandao ulipatikana ufukweni tu, karibu na mahali wanawake wanapoanika mwani, kwa hiyo Scolastica alipiga simu Jumamosi asubuhi akiwa amesimama hapo, na upepo ulivuma ndani ya maneno yake.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka 2015, alikuwa akimweleza kaka yake habari za darasa la tatu. Evaristi alikuwa amekaa juu ya ndoo mlangoni mwa kibanda chake, anakunywa uji. Katikati ya sentensi ya dada yake ukapita mlio. Ulikuwa mzito na wa chini, kama mtu amedondosha gunia la mahindi kwenye sakafu ya mbao. Ukafuata wa pili, na baadaye kidogo wa tatu.

"Scola," akasema, "huko mnachimba nini?"

"Hatuchimbi, kaka. Wanavua."

"Wanavua kwa nini?"

"Kwa baruti. Wanairusha mwambani, samaki wanaelea, wanaokota. Kila siku hivyo. Juzi kioo cha dirisha la ofisi kilipasuka."

Aliendelea kueleza, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, kwamba watu wa hapo wamechoka kulalamika, kwamba mwalimu mkuu amekataza watoto kuogelea, kwamba samaki wakubwa wameisha na sasa vinaokotwa vidagaa. Evaristi hakumsikia vizuri. Uji wake ulipoa mkononi. Mlio ule aliujua. Si kwamba aliweza kusema kijiti hiki cha baruti kilitoka stoo fulani. Hakuna binadamu anayeweza hilo. Lakini aliujua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe kati ya vikohozi vya kanisa zima.

Akauliza swali moja tu: kule pwani kuna migodi?

Scolastica akacheka. Mgodi gani, kaka, huku ni minazi na chumvi.

Siku hiyo alitega nane na kuhesabu saba. Wenzake walisema wamesikia nane. Aliwakataza watu wasishuke mpaka kesho yake, na kesho yake ikaonekana kwamba zote zililipuka. Ilikuwa mara ya kwanza masikio yake kumdanganya.

Celestini alipokuja wiki iliyofuata, Evaristi alimvuta pembeni, nyuma ya karasha inayosaga mawe, ambako kelele zingewafunika. Akamuuliza zile baruti zinakwenda wapi hasa.

Celestini aliisukuma kofia yake nyuma. "Miaka yote hiyo," akasema, "unauliza leo?"

"Nauliza leo."

"Mimi nazifikisha Kahama. Pale anazipokea mtu, simjui jina. Yeye anazifikisha mbele, na wa mbele anazifikisha mbele zaidi. Ukitaka kufuata kila kitu mpaka mwisho wake hutauza hata kiberiti."

"Zinafika baharini?"

"Bahari mimi sijawahi kuiona," alisema Celestini, na hapo hakuwa anatania. "Nawe hujawahi."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliomkera kuliko uongo wowote. Kuanzia siku hiyo Evaristi hakubakisha kijiti. Mwamba uwe laini, uwe mgumu, alivitega vyote alivyopewa. Mawe yalipasuka kupita kiasi, mbao za kushikilia kuta zikalegea, wachimbaji wakaanza kunung'unika kwamba Evaristi siku hizi anapiga kama mtu mwenye hasira. Tajiri naye aliona hesabu ya Celestini imekauka. Hakumgombeza sana. Alimwambia kuna kijana mwingine amepatikana, akamshukuru kwa kazi, akampa nauli.

Akarudi Ntobeye na begi moja. Deodata alifurahi wiki ya kwanza. Wiki ya pili mume wake alipanda kahawa, akaing'oa, akaipanda upande mwingine. Alichimba choo kipya wakati cha zamani hakijajaa. Alianza ukuta wa jiko, akauacha kwenye usawa wa kiuno, akaenda kumsaidia jirani kupasua kuni ambazo jirani hakuomba zipasuliwe. Jumamosi asubuhi alishika simu tangu alfajiri, na dada yake akipiga hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza leo imesikika milio mingapi. Scolastica alianza kumtajia, mwanzoni kwa kucheka, baadaye kwa wasiwasi. Leo minne. Leo tisa. Leo, kaka, niliacha kuhesabu.

"Baba Priscila," Deodata alimwambia siku moja wakipukuchua maharage, "una mgonjwa huko pwani ambaye mimi simjui?"

Ndipo alipomweleza. Alimweleza yote, pamoja na sola. Deodata aliendelea kupukuchua mpaka ungo ukajaa. Kisha akasema kwamba sola itabaki mahali ilipo kwa sababu Priscila anaisomea, lakini yeye, Evaristi, aende akaone kwa macho yake, maana mtu anayetembea na kitu asichokiona atamaliza kung'oa kahawa yote.

Alisafiri mwezi wa pili mwaka 2016, siku mbili barabarani.

Bahari haikumpendeza. Alikuwa mtoto wa milimani, aliyefundishwa kuogopa mto Ruvubu na mamba wake, na hapa kulikuwa na maji yasiyo na ng'ambo. Miguu yake haikutulia mchangani. Scolastica, aliyekuwa sasa anazungumza kwa lafudhi ya huko kiasi kwamba kaka yake alimshangaa, alimpeleka kwa Bi Mwanamkuu, mkulima wa mwani mwenye umri wa mama yao, mwenyekiti wa kikundi cha watu kumi na mmoja waliokuwa wakijaribu kuufufua mwamba.

Neno hilo lilimpa shida. Mwamba, kwa Evaristi, ni kitu kilichokufa tangu dunia iumbwe. Ndiyo maana unaulipua bila kuomba radhi. Bi Mwanamkuu alimsubirisha mpaka siku za bamvua, bahari inapokupwa mbali kabisa, akamwongoza mpaka maji yakawafika kifuani, akampa miwani ya kuogelea. "Inama," alimwambia. "Usipumue kwa pua."

Aliinama. Alichokiona mwanzo ni kifusi. Hapo hakuhitaji mwalimu: vipande vyeupe na vya kijivu, urefu wa kidole, urefu wa mkono, vimetapakaa kwenye shimo la mviringo kama bakuli, na mashimo mengine kama hilo kandokando yake, moja likiingia kwenye lingine. Aliweza kuonyesha kila kijiti kilidondokea wapi. Mawimbi yalipopita, kifusi kizima kilibiringika, kikasagana, kikatulia, kikabiringika tena. Bi Mwanamkuu akamvuta bega hadi pembeni kidogo, mahali ambapo baruti hazikufika. Pale mwamba ulikuwa na matawi ya rangi ya asali na ya zambarau, na samaki wadogo waliotoka na kuingia kwenye matawi kama watoto wakati wa mapumziko. Alipotazama kwa karibu aliona ngozi ya tawi imejaa vitundu vidogo, na ndani ya kila kitundu kitu laini kikijikunja.

Alitoka majini akikohoa. Bi Mwanamkuu alimweleza, taratibu, kwamba matumbawe ni wanyama wadogo wasiohesabika wanaojenga nyumba ya chokaa, mmoja juu ya mwingine; kwamba ule mwamba umejengwa kwa miaka mingi kuliko kijiji; kwamba samaki wanataga na kujificha humo, na mawimbi yanavunjikia humo kabla ya kufika kwenye nyumba za watu. Mlipuko mmoja unavunja eneo la ukubwa wa chumba. Kisha kile kifusi kinaendelea kubiringika, na mtoto wa tumbawe akijishika hapo anasagwa kabla ya kukua. Kwa hiyo hata baruti ikikoma leo, mwamba haurudi wenyewe upesi.

Kikundi kilikuwa na utaratibu wake. Walifyatua visahani vya saruji ukubwa wa kiganja, wakabandika juu yake vipande vya matumbawe vilivyovunjika lakini vikiwa bado hai, wakavilea kwenye kitalu cha meza za nondo chini ya maji, na vikishika wakavihamishia mwambani. Tatizo lao lilikuwa kifusi. Visahani walivyovipanda juu yake vilihama na maji. Nusu walivikuta vimepinduka.

Hili Evaristi alilielewa papo hapo. Duarani, kabla hujaweka mbao lazima ushike kifusi, la sivyo unajenga juu ya kitu kinachotembea. Aliwaambia waache saruji kwanza. Wabebe mawe makubwa ya nchi kavu, wayapange kwenye kila bakuli, kisha watoboe mwamba mzima ulio chini kwa patasi na nyundo, wapigilie nondo, wayafunge mawe kwenye nondo. Alipoulizwa amejifunzia wapi kutoboa mwamba, alisema alikuwa mchimbaji Biharamulo. Walimpenda. Walicheka alivyochanganya l na r, kama watu wengi wa kwao. Walimfanya aseme "lafiki yangu" mara tatu kwa siku.

Alifanya kazi nao wiki tano. Kila asubuhi mlipuko ulisikika mbali, upande wa visiwa, na kila aliposikia alikosea kupiga nyundo. Vidole vyake vya kushoto vilivimba. Scolastica alimtaka apumzike, akamjibu kwamba akikaa anasikia zaidi.

Wiki ya sita alishindwa kuendelea kuficha. Walikuwa wamekaa kwenye banda la mwani, wanakula mihogo na samaki, watu kumi na mmoja pamoja na dada yake, naye akasimama bila kuitwa.

"Zile baluti," alisema, "nyingine nilizitoa mimi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Aliwaeleza habari ya vijiti vinavyobaki, habari ya mtu anayevifikisha Kahama, habari ya buti na sola. Hakusema kwamba hakujua. Alisema hakuuliza.

Sefu, mzamiaji wao, aliweka sahani chini. Kila mtu pale alijua kwamba kaka yake Sefu alikuwa mvuvi wa baruti, na kwamba kijiti kilimlipukia mkononi kabla hajakirusha, akazikwa siku hiyohiyo. Sefu alisimama, akatoka, akaenda zake kuelekea kwenye mitumbwi. Hakumtukana. Tangu hapo hakumsemesha tena.

Bi Mwanamkuu aliisogeza pembeni sahani ya Sefu. "Mimi nilikaanga samaki hao miaka saba," alisema, "nikawauza hapo njia panda. Samaki wa baruti unamjua ukimshika tu. Mgongo umevunjika ndani, nyama imelegea, hasimami mkononi. Nilimjua, nikamtia kwenye mafuta." Akamwangalia Evaristi. "Kaa ule. Kesho utakuja nami kwa watu wa doria, uwaeleze njia yote inayopita baruti."

Alikwenda. Aliwaeleza, akaweka sahihi. Angeweza kulala ndani siku hiyo, naye alikuwa amemwachia Scolastica begi lake kwa sababu hiyo. Waliandika maelezo, wakachukua namba ya simu, wakamwambia ipatikane muda wote. Kilichofanyika na maelezo yale hakukijua kamwe. Mwaka uliofuata na ule uliofuata tena serikali ilikaza doria pwani nzima, watu wakakamatwa, na milipuko ikapungua mpaka Scolastica akaweza kumaliza mwezi bila kusikia hata mmoja. Kama maelezo yake yalichangia hata punje, au hayakuchangia, hakuna aliyemwambia. Namba ile hakuibadilisha. Simu ngeni ikilia hadi leo anaikimbilia, kwa kuogopa na kwa kungoja pia.

Nyumbani alirudi, lakini kukaa hakukaa. Alishika kazi ya uashi Kasulo. Akaacha. Akarudi maduarani, shimo jingine, tajiri mwingine, kwa sharti kwamba kinachobaki kinarudi stoo mbele ya mashahidi wawili. Matajiri wengine walikubali, wengine walimwona mkorofi. Katika miaka saba alipitia maduara sita. Kila alikokwenda aliwakusanya wapiga baruti vijana na kuwaeleza habari za mwamba wa baharini wenye uhai. Wengine walimsikiliza, wengine waliona mzee ameanza kuchanganyikiwa, ingawa hakuwa mzee. Jean Paul, kijana wa familia iliyotoka Burundi, alimuuliza kama kweli jiwe linaweza kutaga mayai. Evaristi alimjibu kwamba linataga, kwa msimu, na maji yanakuwa kama yamemwagiwa mtama. Kijana akaguna. Lakini tangu hapo alirudisha vijiti vyake.

Na kila mwaka, akishapanda maharage pamoja na Deodata, alikwenda pwani wiki mbili au tatu na patasi zake. Mabakuli kumi na tisa yalikuwa yamejazwa mawe kufikia mwisho wa 2023. Matumbawe ya miaka ya kwanza yalikuwa yamekua yakafunika visahani, na samaki walikuwa wamerudi kiasi, wadogo kwanza. Sefu alifanya kazi upande wa kaskazini, Evaristi upande wa kusini. Walipopishana njiani waliitikia salamu kwa kichwa.

Mwezi wa tatu mwaka 2024 Bi Mwanamkuu alipiga simu siku ya Jumatano, ambayo haikuwa kawaida yake. Alisema maji yamekuwa ya moto. Si moto wa jua la mchana. Bahari nzima ina joto kwa wiki ya tatu sasa, ukiingia ni kama maji ya kuogea mgonjwa. Matumbawe yanapauka. Yameanza juu, yanashuka, meupe kama mfupa.

"Yamekufa?"

"Bado. Yametapika chakula chao. Maji yakipoa upesi yatapona. Yasipopoa, basi."

"Nani amefanya hivyo?"

Bi Mwanamkuu alisema wataalamu waliokuja walieleza kwamba ni joto la dunia nzima, moshi wa viwanda na magari wa miaka mingi, na kwamba hakuna mtu mmoja wa kumwendea.

Evaristi alikata simu, akaanza kufunga begi. Deodata alisimama mlangoni, mikono ina udongo.

"Unakwenda wapi?"

"Pwani. Maji yamechemka."

"Utakwenda kufanya nini, Baba Priscila? Utaipepea bahari?"

Alikaa kitandani. Miaka yote hiyo alikuwa na kitu cha kushika: kijiti kimoja, mtu mmoja, njia moja. Sasa hapakuwa na njia ya kuziba. Wiki saba zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko za 2015. Alipiga simu asubuhi, akapiga jioni. Alikuwa na daftari la shule la Priscila, akaandika humo joto la maji kama alivyotajiwa, siku kwa siku, bila kujua ataifanyia nini orodha hiyo. Mvua zilikuwa zimeshika Ngara nzima, zimelowesha hata nguo zilizo sandukuni, naye alitazama angani na kuuliza kwa nini mawingu yasisogee mashariki. Deodata alimpa kazi ya kumalizia ule ukuta wa jiko aliouacha miaka tisa iliyopita. Aliumaliza siku mbili, akauliza kuna ukuta mwingine.

Katikati ya mwezi wa tano maji yalipoa. Kikundi kiliingia majini wakati wa bamvua, wakahesabu, na safari hii aliyepiga simu alikuwa Scolastica. Katika mabakuli kumi na tisa, kumi na moja yamekufa kabisa, yameota majani ya kijani juu yake. Matano yamepona nusu. Matatu yamerudi na rangi yake, yote matatu upande wenye kina na mkondo wa baridi. Kikundi kimekata shauri kuchukua vipande kutoka kwenye hayo matatu, kwa kuwa yameonyesha yanaweza kustahimili, na kuanza kitalu upya.

"Upya kabisa?" aliuliza Evaristi.

"Upya, kaka. Mawe yapo, hayakuhama hata moja. Matumbawe ndiyo yatapandwa tena."

Walivuna maharage mapema mwaka huo. Deodata alisema anakwenda pia, kwa sababu amechoka kuishi na mtu na bahari yake ambayo yeye hajapata kuiona. Alimwachia Priscila nyumba, akafunga kanga mbili na mfuko wa unga wa mhogo, na njia nzima alikuwa ametulia kuliko mumewe, aliyeshuka kila gari liliposimama na kupanda wa mwisho.

Bi Mwanamkuu aliwapokea. "Shikamoo, mama," Deodata alimwambia, naye akaitikia marahaba, akamshika mkono, akamwongoza moja kwa moja hadi majini kana kwamba walikuwa na miadi ya miaka mingi. Evaristi aliwafuata nyuma na patasi. Deodata aliinama na miwani usoni, akakaa humo muda mrefu kuliko alivyotarajia mtu yeyote, akainuka, akapumua, akainama tena. Chini yake lilikuwa bakuli mojawapo kati ya matatu. Alipotoka alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Ndiyo haya?" aliuliza.

"Ndiyo hayo."

"Ni madogo."

"Yanakua kidogo sana. Kiganja kimoja kwa miaka miwili, mitatu."

"Basi hata kahawa ina haraka," akasema, na akauliza vile visahani vinafyatuliwa wapi.

Alifyatua visahani mia mbili na arobaini kwa siku tisa, pamoja na wanawake wa mwani, akiwafundisha nyimbo za kulimia za Kihangaza, lugha ya kwao Ngara. Kisha akasema shamba linamwita, akapanda gari peke yake. Evaristi alibaki mpaka bamvua ya pili. Siku ya mwisho, akitoboa kwenye bakuli la kumi na tatu, nyundo ilimponyoka ikazama mahali asipofika. Sefu alikuwa mita chache kutoka hapo. Alizama, akaileta, akaiweka juu ya jiwe, si mkononi mwa Evaristi, kisha akarudi upande wake.

Sasa hivi Evaristi anafanya kazi kwenye duara jingine Bisibo, la saba. Jumapili anakuwa Ntobeye, anakwenda kanisani, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Yeye na Celestini walikutana mara moja Nyakanazi; Celestini amezeeka, anauza matairi ya pikipiki. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, na hakuna aliyetaja lolote. Mwezi wa pili unakaribia, na mwezi wa pili ndio joto la bahari linapoanza kupanda. Deodata ameshamwonya kwamba mwaka huu hataki daftari nyumbani. Yeye amekubali. Jumatatu alfajiri alikuwa ameshafika barabarani Kasulo, anangoja gari la Biharamulo, anasimama, anachuchumaa, anasimama tena, na Scolastica alikuwa amekwisha kumtumia ujumbe kwamba maji bado ni ya kawaida.